Kitanda Kabla ya Kitabu

Binti wa kaka yangu alipochaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuja kwangu na daftari lenye maswali manne, yote ya masomo. Anunue kompyuta gani, asome kitabu gani kabla hajafika, Kiingereza chake kitamtosha, na je, ni kweli walimu wa pale hawajui majina ya wanafunzi wao? La tano aliliuliza akiwa ameshafunga daftari, tunaosha vyombo: "Shangazi, nikikosa chumba nitalala wapi?"

Nilimwambia hilo ndilo lilistahili kuandikwa la kwanza. Nilisoma hukohuko, Mlimani kama tunavyopaita, na tangu wakati huo nimewapokea vijana wa ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine, wakija kuanza chuo. Nilichokiona ni hiki: alama za kidato cha sita humfikisha mtu Mlimani, lakini namna anavyokaa ndiyo inayombakisha. Wale niliowaona wakirudi nyumbani kabla ya wakati, wengi hawakushindwa na somo. Walishindwa na safari ndefu ya kila alfajiri, na hela iliyokwisha wiki ya nne, na usiku wa kulala jicho moja kwenye kitanda cha mtu mwingine. Mtihani ulikuja tu kuthibitisha kilichokwisha kuharibika.

Kwa hiyo leo nazungumza nawe, mdogo wangu unayeanza mwaka wa kwanza, juu ya kitanda kwanza, kitabu baadaye. Nitasema ya Mlimani kwa kuwa ndipo ninapopajua. Anayekwenda Dodoma, Morogoro au Mbeya atakuta mengi yanafanana.

Barua ya udahili si barua ya chumba

Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970, na leo wanafunzi wake ni makumi ya maelfu. Mabweni yameongezwa njiani. Kuna Hall za zamani pale juu kilimani, kuna Mabibo nje ya kampasi, na tarehe 15 Aprili 2017 zikazinduliwa zile hosteli 20 ambazo kila mtu anaziita "za Magufuli", zenye nafasi za wanafunzi 3,840, sawa na watu 192 kwa kila jengo. Hizo ni nafasi nyingi, na bado wanaoomba vitanda ni wengi kuliko vitanda.

Kosa la kwanza la mwanafunzi mpya ni kudhani akishapokelewa chuoni, mengine yote yatajipanga. Elewa kwamba mbele yako kuna milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake. Udahili unatolewa na chuo. Mkopo unatolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Chumba kinaombwa peke yake, ndani ya mfumo wa chuo, katika muda wake maalumu. Kupata kimoja hakukupi kingine. Nimeona kijana mwenye alama nzuri na mkopo wa asilimia mia akizunguka na begi la nguo kwa wiki mbili, kwa sababu dirisha la kuomba chumba lilifunguliwa na kufungwa yeye akiwa kijijini bila bando.

Fanya hivi. Ukishapata namba ya usajili, ingia kwenye mfumo kila siku, hata kama huoni kipya. Siku maombi yanapofunguliwa, omba siku hiyohiyo. Ukipangiwa kitanda, lipa haraka kwa namba ya malipo ya serikali, ile inayoitwa mitaani kontroo namba, kwa sababu kitanda kisicholipiwa hupewa mwingine. Stakabadhi yake itoe nakala mbili, moja ibaki nyumbani. Hakikisha jina lako ni lilelile kwenye cheti cha kidato cha nne, kwenye fomu ya mkopo, kwenye akaunti ya benki na kwenye usajili. Herufi moja iliyozidi inaweza kukusimamisha dirishani siku ambayo wenzako wote wamekwisha kuingia.

Kama una ulemavu au ugonjwa unaohitaji kitanda cha chini au bweni lililo karibu na madarasa, usisubiri kufika ndipo useme. Andika mapema, ambatanisha barua ya daktari. Kuomba kinachokustahili si kusumbua watu.

Na usinunue kitanda mkononi mwa mtu. Utakutana na mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu atakayekwambia amepangiwa chumba lakini anakaa mtaani, umpe laki moja na nusu akuachie. Kitanda kile si chake kukiuza. Ukaguzi ukipita, wewe ndiye utakayetolewa na godoro lako, na yeye simu haitapokelewa. Fedha ya makazi inakwenda mahali pamoja tu: kwenye namba ya malipo yenye jina lako.

Ukikosa ndani, pima chumba cha mtaani kwa saa

Ukikosa kitanda, hujapotea. Wanafunzi wengi mno wanakaa Changanyikeni, Msewe, Makongo, Savei, Sinza, Ubungo na Mabibo. Tatizo ni kwamba mwanafunzi mpya hupima geto, yaani chumba cha kupanga, kwa bei peke yake, halafu muhula mzima analipa tofauti iliyobaki kwa usingizi wake.

Mimi nililipa. Mwaka wangu wa kwanza nilikosa kitanda, nikapelekwa na dalali kukiona chumba mchana wa jua kali. Kilikuwa kimepakwa rangi mpya, sakafu inang'aa, bei chini ya vyote nilivyoonyeshwa. Nikalipa kodi ya miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, nikajihisi mjanja. Hakuna aliyenifundisha maswali ya kuuliza. Bomba la uani lilitoa maji usiku wa siku mbili tu kwa wiki, kuanzia saa tisa. Siku hizo wapangaji tulipanga ndoo foleni gizani, kila mmoja akijua ndoo yake kwa kamba aliyoifunga kwenye mpini. Yangu ilikuwa na kitambaa chekundu cha kanga. Nikimaliza kujaza inakuwa saa kumi na nusu, na kipindi cha kwanza kilikuwa saa moja asubuhi. Masika ilipoanza Machi, barabara ya bondeni ikawa tope la kufika magotini, na bodaboda wakagoma kushuka. Nilikosa majaribio mawili. Chumba cha bei nafuu kilinigharimu somo zima, nikalirudia.

Kwa hiyo pima chumba kwa saa. Kutoka mlangoni hadi darasani ni dakika ngapi saa kumi na mbili asubuhi, magari yakiwa yamejaa? Kutoka maktaba hadi kitandani ni dakika ngapi saa tatu usiku, na njia ina taa? Tembea mwenyewe njia hiyo kwa nyakati hizo mbili kabla hujatoa hata shilingi. Tofauti ya 20,000 kwa mwezi humezwa upesi na nauli, na usalama wako haununuliki kabisa.

Halafu uliza haya, na usione haya kuuliza. Maji yanatoka siku gani, na kuna tangi? LUKU ya umeme ni ya peke yako au mnachangia, na mkichangia, mnagawana vipi? Choo ni cha watu wangapi? Geti linafungwa saa ngapi, na ufunguo wa usiku anabaki nao nani? Wapangaji wengine ni akina nani? Muulize mpangaji aliyeko, usimuulize mwenye nyumba peke yake. Ukimkuta mama anafua uani, mwamkie, kaa naye dakika kumi, muulize juu ya maji na juu ya wezi. Atakwambia yale ambayo dalali hawezi kukwambia.

Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wapo wanaodai pia hela ya kukuonyesha tu. Mkubaliane kabla hujaanza kutembea naye. Usilipe kodi kwa dalali. Lipa kwa mwenye nyumba, kwa mkataba wa maandishi, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye ndiye anayejua kama huyo aliyejitambulisha kuwa mwenye nyumba ni yeye kweli. Wenye nyumba wengi hutaka miezi sita, wengine hukubali mitatu ukiomba kwa adabu na kueleza kwamba wewe ni mwanafunzi. Omba mitatu. Ukigundua kasoro, utakuwa umefungwa robo mwaka tu.

Njia iliyo bora kwa wengi ni kupanga wawili. Chumba kimoja cha kadiri kilicho karibu, mkigawana kodi, ni bora kuliko vyumba viwili vibovu vya mbali. Ila mchague mtu kabla ya kuchagua chumba.

Juu ya kubebana

Sitajifanya sijui kubebana. Tangu zamani mwenye kitanda amembeba asiye nacho, watu wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu kwa sita, wamelala mzungu wa nne, miguu ya mmoja kichwani kwa mwingine. Wamo watu wazima wenye vyeo leo ambao wasingemaliza chuo bila mwenzao aliyesogea ukutani na kusema, "Panda."

Hata hivyo, ujue unaingia kwenye nini. Kanuni za mabweni hazimtambui anayebebwa, na anayebeba anaweza kupoteza kitanda chake. Chumba kilichopangwa kwa wanne kikilala saba, choo kinazidiwa, hewa inakwisha, ugonjwa wa mmoja unakuwa wa wote, na kitu kikipotea kila mtu anamtazama mgeni. Kwa hiyo kubebana kuwe daraja la kukuvusha wiki chache, wakati unatafuta mahali pako.

Ukibebwa, sema tarehe ya kuondoka siku ya kwanza, na uitimize. Nunua sabuni, zoa chumba, usilete wageni, na uwaombe ridhaa wote wanaoishi humo, maana hata mwenye kitanda ni mmoja tu kati ya wenye chumba. Ukimbeba mtu, nawe weka tarehe. Huruma isiyo na tarehe huzaa ugomvi, na nimeona marafiki wa tangu kidato cha kwanza wakiachana kwa sababu ya wiki mbili zilizogeuka muhula.

Wenzako wa chumbani

Utawekwa chumba kimoja na watu usiowajua. Mmoja atatoka Kagera, mwingine Pemba, mwingine amesoma shule ya kulipia hapahapa jijini, mwingine hajawahi kulala nje ya kwao. Hii ndiyo elimu ambayo haimo kwenye cheti, nami naithamini kuliko baadhi ya masomo niliyofaulu.

Ugomvi wa chumbani huanza na vitu vidogo: taa, simu, ndala, chumvi. Chumbani kwetu mwaka wa pili mmoja alipiga msuli hadi saa nane usiku taa ikiwaka, na mwingine aliamka saa kumi na nusu kuswali. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila mmoja alinuna. Ilichukua mwezi mzima hadi mkubwa wetu kwa umri akatukalisha chini Jumapili moja. Akamwambia wa kwanza, "Mdogo wangu, mwanga wako unatuingia machoni." Akamwambia wa pili, "Na wewe dada, kengele ya simu yako inatuamsha wote wanne." Ndani ya nusu saa tulikuwa na makubaliano: taa kubwa inazimwa saa tano, anayesoma anakwenda kibwetani, kwenye meza za nje, au anatumia taa ndogo ya mezani, anayeamka alfajiri anaweka simu mtetemo chini ya mto. Hatukugombana tena juu ya hilo hadi tunamaliza.

Nakushauri ufanye kikao hicho wiki ya kwanza, kabla hamjakoseana. Muelewane juu ya saa ya kuzima taa, zamu ya usafi, wageni na saa zao, nini kinaazimwa na nini hakiazimwi. Semeni waziwazi juu ya vyakula ambavyo mwenzenu hali kwa sababu ya dini yake. Ukimkosea mtu, muombe radhi siku hiyohiyo. Akikukosea, mwambie yeye kabla hujawaambia wengine. Na mambo yakizidi uwezo wenu, yupo msimamizi wa bweni, na yupo mshauri wa wanafunzi. Kwenda kwao si usaliti.

Mambo madogo ya kubeba: chandarua, kwa kuwa mbu wa Dar es Salaam hawana likizo, kufuli mbili nzuri, moja ya kabati na moja ya begi, ndoo yenye mfuniko, beseni, kidumu, ndala za bafuni, shuka mbili, na kitambaa cha kujifunika wala si blanketi zito, kwa sababu joto la Februari utalikumbuka. Andika pembeni namba ya utambulisho ya simu na kompyuta yako. Nguo usiziache kambani usiku. Na dirisha lifunge unapotoka, kwani tumbili wa Mlimani hawabishi hodi, na mkate ulioachwa mezani ni wao.

Usipike chumbani kwa hita au jiko la umeme pale inapokatazwa. Najua njaa na najua bei. Lakini nyaya za bweni hazikutengenezwa kubeba majiko ya chumba kizima, na moto ukianza ghorofa ya chini, aliye juu hana pa kupita.

Bumu ni deni

Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, fedha ya chakula na malazi kwa mnufaika wa mkopo imekuwa 10,000 kwa siku. Fedha hiyo ndiyo bumu, na la siku 60 linaingia kwa mkupuo, yaani laki sita. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe, hiyo ni fedha ya kutisha kwa furaha. Siku ya bumu utaiona: kuku wanakaangwa kila kona, simu mpya zinawashwa, bodaboda zinapanda kilima bila kupumzika. Wiki ya saba njoo uwatazame walewale: chapati moja, maharage ya kuomba mchuzi, na maji.

Hesabu yangu ni hii. Laki sita ikiingia, toa laki moja kwanza: nakala za maandishi ya masomo (madesa), bando, dawa, dharura. Imebaki laki tano. Gawa kwa siku 60, unapata kama 8,300 kwa siku, au 58,000 kwa wiki. Iache benki, na kila Jumapili jioni jitumie za wiki moja tu kwenye simu. Zikiisha Ijumaa, umejifunza, na kesho kutwa zinaingia nyingine.

Kama unakaa mtaani, hesabu inabana zaidi. Tuseme chumba ni 80,000 kwa mwezi. Miezi miwili ni 160,000. Zile laki tano zinabaki 340,000, kama 5,700 kwa siku, na nauli imo humohumo. Hapo ndipo unapomuelewa anayepanga na mwenzake. Tafuta mama lishe anayepika vizuri, mlipe kwa wiki, mheshimu kama mama yako. Siku mkopo utakapochelewa, yeye ndiye atakayekwambia, "Kula mwanangu, utalipa."

Na kwa mwaka wa kwanza, bumu la kwanza mara nyingi huchelewa, kwa sababu usajili, akaunti na majina vinahakikiwa. Ukiweza, toka nyumbani na chakula cha mwezi mmoja mkononi. Kama haiwezekani, toka na ukweli: uwaambie wenzako wa chumbani mapema kwamba umekuja mikono mitupu. Watu husaidia kinachosemwa.

Mambo mawili yamewamaliza vijana wengi mbele ya macho yangu. La kwanza ni kubeti. Anaweka mkeka wa 2,000, anashinda 15,000, na kuanzia siku hiyo bumu lote ni mtaji. La pili ni mikopo ya kausha damu, ile ya kwenye simu, inayotolewa kwa dakika tano na kudaiwa kwa kuwapigia simu mama yako na mchungaji wako. Usiiguse. Ukikwama, mwambie mtu wa kwenu au nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Na kumbuka bumu lenyewe ni mkopo. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Kila kuku wa leo atakatwa kwenye mshahara huo.

Sasa kitabu

Ukishapata pa kulala na cha kula, kusoma ni jambo linalowezekana kwa yeyote aliyefika hapo.

Alama zako kwa kawaida zinagawanyika: 40 zinatokana na kazi za muhula, majaribio na semina, na 60 ni za mtihani wa mwisho, UE. Wanafunzi wapya wengi wamezoea mtihani mmoja mkubwa wa taifa, kwa hiyo wanastarehe hadi wiki ya kumi. Wanapoamka, zile 40 zimekwisha kuondoka. Jaribio la kwanza linakuja mapema, wakati wengine bado wanatafuta darasa lilipo. Lichukulie kama mtihani. Ukipata 30 kati ya 40, UE unaingia umetulia. Ukipata 14, unaingia unatetemeka, na huko mbele kuna sapu, yaani mtihani wa marudio, na mbele ya sapu kuna kudisko, yaani kuondolewa chuoni.

GPA huhesabiwa hadi 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye hesabu hiyo hadi siku ya mahafali. Anayesema "mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira" atakuja kutafuta pointi mbili mwaka wa tatu asizipate.

Darasani mtakuwa mamia. Ukumbi wa Nkrumah au madarasa ya Yombo yakijaa, mwalimu hawezi kukujua kwa sura, na ndiyo maana semina ni muhimu: huko mko wachache, na huko ndiko unakoulizwa jina. Zungumza. Kiingereza chako kikiwa cha kuokoteza, zungumza hivyohivyo. Nilikaa muhula mzima kimya kwa kuogopa kuchekwa, na siku niliponyanyua mkono nikagundua nusu ya darasa ilikuwa na woga uleule. Soma kurasa tano za Kiingereza kila siku kwa sauti, andika maneno mapya, na ufikapo Juni hutaamini ulipotoka.

Usikariri desa la mwaka juzi ukadhani umesoma. Maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 inakaa watu 2,100 kwa mara moja. Kimoja cha viti hivyo kiwe chako kila siku, hata kwa saa moja. Jioni, vimbweta. Ukipita chini ya miti yenye taa saa mbili usiku, utakuta makundi ya watu watano au sita wamezunguka meza ya zege, mmoja anaeleza, wengine wanabisha. Jiunge na kundi la diskasheni lenye watu wanaokuja kwa wakati. Unapomweleza mwenzako jambo ndipo unapojua kama umelielewa.

Mwili wako na heshima yako

Lipia bima ya afya, chukua kadi, na ujue kituo cha afya cha chuo kiko wapi kabla hujaugua. Homa ya usiku si wakati wa kuuliza njia.

Usitembee peke yako usiku kwenye njia za vichaka zinazokatiza kwenda Msewe au Changanyikeni. Mtoke kibwetani kwa kundi. Dada na kaka, wote mnakabwa.

Na akitokea mtu mwenye mamlaka juu ya alama zako, au juu ya chumba chako, akakutaka kimwili ili akupe kilicho haki yako, jua hilo ni kosa la jinai. Linaitwa rushwa ya ngono, na limetajwa katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Usifute ujumbe wake hata mmoja. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, na piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Aibu ni yake, haikuhusu wewe.

Vilevile, ukijisikia huwezi kuamka, huli, hutaki watu, siku zinapita hujaingia darasani, usiite uvivu. Upweke wa mwaka wa kwanza ni mzito, na unawapata hata wanaocheka sana. Piga simu nyumbani. Nenda kwa washauri nasaha wa chuo. Ingia kwaya, timu ya mpira, chama cha watu wa fani yako, msikitini au kanisani, mahali popote ambapo usipoonekana mtu atauliza, "Fulani yuko wapi?"

Neno kwa mzazi

Baba na mama, msimpigie mtoto simu kuuliza GPA tu. Muulizeni anakula nini, analala na nani chumbani, maji yapo? Kama mnaweza, mje naye wiki ya kwanza, mkione kitanda chake kwa macho yenu. Kama mko mbali, mtafuteni ndugu mmoja jijini ambaye mlango wake uko wazi Jumapili. Sahani moja ya wali wa nyumbani kwa mwezi inamzuia kijana asianguke mahali ambapo hamtakuja kujua.

Binti wa kaka yangu alikosa kitanda awamu ya kwanza. Alikuwa akifungua mfumo kila asubuhi, kwa hiyo awamu ya pili ilipotoka, alilipa kabla ya saa sita mchana siku hiyo. Zile wiki tatu za katikati alilala sebuleni kwangu, akiondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Sasa yuko mwaka wa pili, na amekubali kukaa na msichana mgeni kutoka Rukwa aliyekuja hajui hata kupanda daladala.

Nawe, mdogo wangu, kabla hujafunga begi, fungua daftari ukurasa wa kwanza na uandike mstari mmoja: usiku wa kwanza nitalala wapi, na kwa nani. Kama huna jibu, usipande basi. Tafuta jibu kwanza.